Acheni kutuhimiza, tufungulieni njia: barua ya wazi kuhusu vifaa vya kielektroniki vilivyochoka

Kwenu mawaziri mnaosimamia mazingira, biashara na fedha. Wakuu wa majiji na manispaa. Wasimamizi wa viwango vya bidhaa. Na ninyi mnaotengeneza na kuuza simu, kompyuta na vyombo vya umeme vya nyumbani.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa vifaa vya kielektroniki. Riziki yangu inatokana na vitu ambavyo wenyewe wameshavikatia tamaa: simu isiyoshika chaji, runinga yenye sauti bila picha, blenda iliyotoa moshi ikanyamaza. Kila kampeni ya mazingira inapopita, nasikia wateja wangu wakiambiwa maneno yaleyale. Usitupe, tengeneza. Usichome, rejeleza. Mabango yanapendeza, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa. Kisha mteja anakuja na kifaa mkononi ananiuliza: "Fundi, hii wamesema nisiitupe. Sasa niipeleke wapi?"

Swali hilo lina wenyewe, na wenyewe ni ninyi. Mtumiaji wa kawaida ameshahimizwa vya kutosha. Kinachomkwamisha ni vikwazo ambavyo yeye hana uwezo wa kuviondoa: bei ya spea, kifaa kisichofunguka, hofu ya picha na namba zake, na kukosekana kwa mahali pa kupeleka kilichokufa kabisa. Hivyo vyote vinaondolewa kwa sheria, kanuni, kodi na maamuzi ya kiwandani. Ndiyo maana barua hii haiendi kwa wananchi.

Ukubwa wa jambo mnaujua, lakini tuuweke mezani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 inaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, wastani wa kilo 7.8 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Mwaka 2010 zilikuwa tani milioni 34. Kati ya zile za 2022, zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu rasmi zilikuwa asilimia 22.3 tu. Makadirio ya 2030 ni tani milioni 82, na kiwango cha ukusanyaji kinatarajiwa kushuka hadi asilimia 20. Kwa maneno mengine, mabango yote haya na bado tunarudi nyuma.

Kuna kipande cha ripoti hiyo ambacho sikioni kikisemwa majukwaani. Karibu theluthi ya mzigo wote, kama tani milioni 20, ni vitu vidogo vidogo: vitu vya kuchezea vya betri, mashine za kunyolea, mikrowevu, sigara za kielektroniki. Katika kundi hilo kinachokusanywa ni asilimia 12. Friji ikifa kila mtu anaiona na inabidi ihamishwe. Mashine ya kunyolea inaingia kwenye mfuko wa taka pamoja na maganda, basi, imekwisha.

Sasa nizungumzie matengenezo, maana ndiko ninakojua zaidi, na ndiko kunakopaswa kutangulia. Kuchakata ni jambo jema lakini ni la mwisho. Sehemu kubwa ya hewa chafu inayosababishwa na simu hutoka migodini na viwandani, kabla mnunuzi hajaiwasha kwa mara ya kwanza. Kila mwaka wa ziada ambao simu hiyo inabaki kazini ni mwaka mmoja ambao nyingine haikulazimika kutengenezwa. Ukiivunja ili upate shaba na dhahabu, kazi yote iliyofanyika kuitengeneza inapotea, na unabakiwa na vyuma.

Njooni tufungue simu moja pamoja. Tatizo ni betri tu: ina umri, haifiki jioni. Zamani ungebonyeza kifuniko cha nyuma kwa kucha, ukachomoa betri, ukaweka nyingine, ukaondoka. Hii ya leo mgongo wake ni kioo kilichobandikwa kwa gundi. Naipasha kwa hewa ya moto mpaka gundi ilainike, napitisha kadi nyembamba ya plastiki pembeni taratibu, nikiomba kioo kisitoe ufa, maana kikipasuka ni juu yangu. Nikiingia ndani, betri nayo imegundishwa kwenye fremu. Naidondoshea spiriti, nasubiri, naivuta kidogo kidogo, kwa sababu betri ya lithiamu ukiikunja au ukiitoboa inaweza kuwaka moto hapohapo mezani. Kisha narudishia kila kitu kwa gundi mpya, nikijua kwamba uwezo wake wa kuzuia maji hautakuwa ule wa mwanzo. Mteja ananiuliza kwa nini kubadilisha betri kunagharimu hivyo. Siyo betri, bwana. Ni gundi.

Na hapo ni kama spea imepatikana na imekubalika. Siku hizi kuna simu ambazo hata ukichukua kioo halisi, kutoka simu ya aina ileile na ya kampuni ileile, ukakifunga vizuri bila kasoro, simu inatoa onyo kwamba sehemu haitambuliki, au inazima baadhi ya uwezo wake. Kila kipande kimesajiliwa kwa namba kwenye simu yake, na mwenye kibali cha kuviunganisha upya ni mtengenezaji peke yake. Kwa hiyo simu mbili zilizokufa, ambazo zamani tungepata humo simu moja nzima, zinabaki mbili zilizokufa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha mwaka 2024 sheria inayokataza mtindo huo. Hamhitaji kubuni jambo jipya, maandishi yapo, yasomeni.

Umoja wa Ulaya nao umeshaonyesha kwamba watengenezaji wakilazimishwa wanaweza. Tangu Juni 20, 2025, simu mpya zinazoingia soko lao zinatakiwa ziwe na spea muhimu zinazopatikana kwa miaka 7 baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa, na masasisho ya programu kwa angalau miaka 5. Kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vingi vya kubebeka zinapaswa ziwe zile ambazo mtumiaji mwenyewe anaweza kuzitoa na kuziweka. Kampuni zinazotimiza masharti hayo kule ni zilezile zinazouza kwenu. Wanachosubiri ni kuona kama na ninyi mtauliza.

Simu zinasemwa sana, lakini vyombo vya nyumbani ndivyo vinavyoniuma. Blenda au birika la umeme likigoma, mara nyingi kilichokatika ni fyuzi ya joto, kitu kidogo kinachopotea kiganjani na bei yake ni ya kuchekesha. Kuibadilisha ni dakika chache. Ila ili niifikie, nakutana na skrubu zenye vichwa vya ajabu vilivyotengenezwa makusudi bisibisi ya kawaida isishike, au plastiki iliyoyeyushwa ikaunganishwa moja kwa moja bila skrubu hata moja. Nikiikata siwezi kuifunga tena kwa usalama. Mteja anatazama bei ya mpya, anatazama uso wangu, anaelewa. Kifaa kizima kinakwenda jalalani na mota yake iliyo hai.

Mnunuzi angejua haya kabla ya kulipa, huenda angechagua kingine. Ufaransa Januari 2021 ilianza kuwataka wauzaji waonyeshe alama ya urahisi wa kutengeneza, kati ya sifuri na 10, pembeni ya bei ya simu, kompyuta mpakato, runinga na mashine za kufulia. Alama hiyo iliangalia kama maelekezo ya matengenezo yapo, kama kifaa kinafunguka, kama spea zinapatikana na kwa bei gani. Wapo waliosema kampuni zilijipa maksi zenyewe na zilijipendelea. Inawezekana. Bado ni bora kuliko hali ya sasa, ambapo kwenye boksi kuna idadi ya kamera na uwezo wa spika lakini hakuna anayemwambia mnunuzi kama kitu hiki kikiharibika kitatengenezeka.

Waziri wa fedha, hapa ndipo ulipo. Chukua jedwali la ushuru na kodi zako, tafuta mstari wa spea za vifaa vya umeme, kisha tafuta mstari wa kifaa kipya kizima. Kama spea inabeba mzigo sawa na kifaa kipya, au zaidi, basi serikali yenyewe inamlipisha mwananchi faini kwa kutengeneza. Austria mwaka 2022 ilianza kumlipia mwananchi nusu ya gharama ya matengenezo ya kifaa cha umeme, hadi euro 200. Si kila hazina inaweza kufanya hivyo, naelewa. Lakini kupunguza kodi kwenye kioo, betri, mota na ada ya fundi hakuhitaji hazina nono. Na mkifika huko, mkumbukeni pia fundi mwenyewe: mafunzo, usajili usio na usumbufu, michoro ya bodi za ndani itolewe na watengenezaji bila kutufanya tuitafute kwa kificho kama wezi.

Suala la programu silimalizi leo, ila niligusie. Oktoba 14, 2025 usaidizi wa kawaida wa Windows 10, programu inayoendesha kompyuta nyingi, ulikoma, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri hazikidhi masharti ya toleo linalofuata. Hakuna kilichoungua wala kilichovunjika. Mashine nzima imekuwa mzee kwa tangazo. Wengine tunaziwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta usiolipiwa, na zinaendelea na kazi, lakini mtumiaji wa kawaida hajui hilo na hakuna aliyemwambia.

Sasa turudi kwa yule mteja aliyeuliza apeleke wapi. Ninyi mnadhani anashikilia simu yake mbovu kwa uzembe. Mimi nimekaa naye. Anaitoa kwenye mkoba ikiwa imefungwa kwenye nailoni, kioo kimekuwa cheusi, haiwaki. Haombi niitengeneze, alishanunua nyingine. Anataka kujua kama picha zimo. Picha za mtu ambaye hayupo tena, ujumbe wa sauti, namba za benki, nakala ya kitambulisho aliyoipiga picha siku ya haraka. Simu ile haiwezi kuwashwa ili ifutwe, na kuitupia kwenye boksi la kukusanyia taka, mbele ya mtu asiyemjua, ni kumkabidhi maisha yake. Kwa hiyo inarudi droo, na itakaa humo mpaka betri yake ivimbe.

Hofu hiyo ni ya haki, na haiondolewi kwa bango. Inaondolewa kwa huduma. Kila kituo cha kupokea vifaa kiwe na meza ambapo mtu anaona kwa macho yake data ikihamishwa, ikifutwa, au kumbukumbu ya kifaa kilichokufa ikitobolewa na kusagwa, kisha anapewa karatasi yenye jina la kituo na namba ya kifaa. Kwa simu zinazowaka, mwambieni ukweli wa kitaalamu ambao utamtuliza: simu nyingi za kisasa hutunza data kwa usimbaji, yaani kwa maandishi ya siri, na ukizirudisha kwenye hali ya kiwandani ule ufunguo wa kuisoma unafutwa, kinachobaki hakisomeki. Ila akumbushwe kutoka kwanza kwenye akaunti yake. Simu iliyofutwa bila kuondoa akaunti hujifunga, na anayeipokea hawezi kuitumia hata kama ni nzima kabisa. Nimezipokea nyingi za namna hiyo, kioo safi, betri nzuri, zinauzwa kwa kilo kama chakavu. Watengenezaji, wekeni utaratibu ambao mwenye kifaa halali, akiwa na risiti, anaweza kuifungua bila kuhangaika. Kufuli la kuzuia wezi ni jambo zuri, lakini lisiwe jeneza la simu nzima.

Kuhusu mahali pa kupeleka, jibu linachosha kwa urahisi wake: pale aliponunua. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2012, unazitaka duka zenye eneo la mauzo la kuanzia mita za mraba 400 zipokee bure kifaa chochote kidogo kisichozidi sentimita 25, hata kama mletaji hanunui kitu. Uswisi mnunuzi analipia uchakataji mapema, ndani ya bei ya kifaa kipya, na akimaliza kukitumia anakirudisha dukani bila kutoa senti. Japani, kwa sheria iliyoanza 2001, ilichagua njia nyingine kwa runinga, friji, viyoyozi na mashine za kufulia: mtu analipa siku anapokitoa. Mfumo wao unafanya kazi kwa sababu nyingi, lakini nisingewashauri muuige mahali ambapo usimamizi ni legevu. Mtu akidaiwa pesa ili atupe kitu kihalali, na korongo liko nyuma ya nyumba halimdai chochote, mnajua kitakachotokea. Ada ilipwe mwanzoni, wakati mnunuzi ana furaha na pochi iko wazi, na isimamiwe na chombo kinachotangaza mahesabu yake.

Watu wakipewa mahali panapoaminika na sababu inayoeleweka, wanaleta. Kwa ajili ya medali za michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020, Wajapani waliombwa kutoa vifaa vyao vya zamani kati ya 2017 na 2019. Zilikusanywa karibu tani 79,000, zikiwemo simu milioni 6.21 hivi, na medali zote, kama 5,000, zikatengenezwa kwa dhahabu, fedha na shaba iliyotoka humo. Siwaambii muandae Olimpiki. Nawaonyesha tu kwamba droo zinafunguka.

Msisahau kwamba kukusanya bila kujua mzigo unaishia wapi ni kuhamisha uchafu. Tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, unataka taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kutoa idhini kwanza. Sheria ni nzuri. Bandarini, kontena lililoandikwa "mitumba inayofanya kazi" linahitaji mtu wa kulifungua na kuchomeka plagi. Mpeni mtu huyo soketi na muda.

Na waokota chakavu, tafadhali msiwafukuze. Wanafika kwenye kila uchochoro ambao lori lenu halifiki. Kosa lao ni namna ya kuvunja: kuchoma nyaya ili shaba ibaki, moshi wa plastiki ile ukabeba sumu iitwayo dioksini, kuvunja vioo vya runinga za zamani vyenye madini ya risasi kwa wingi, kumwaga tindikali. Agbogbloshie, Ghana, soko la chakavu lilibomolewa Julai 2021, na kazi ile ikasambaa sehemu nyingine, isionekane kwa urahisi. Wanunueni nyaya zikiwa hazijachomwa, kwa bei inayozidi kidogo ya shaba iliyochomwa, na moto utazimika wenyewe. Wapeni mashine ya kumenya waya. Si teknolojia ya ajabu, ni visu viwili na mpini.

Betri zilizovimba ziwe na utaratibu wake leo, kabla ya mengine yote. Zikigandamizwa ndani ya lori la taka zinawaka, na wanaoungua ni wafanyakazi wenu. Chombo cha chuma chenye mchanga, mbali na jua, kwenye kila kituo. Hilo halihitaji bunge.

Nimalize na kitu ambacho hakihitaji sheria mpya wala fedha za wafadhili. Ofisi zenu zina stoo. Ndani yake kuna kompyuta zenye vibandiko vya namba za mali, mashine za kuchapisha, simu za mezani, betri za akiba zilizoanza kuvuja, vyote vikisubiri kikao cha kuvifuta kwenye daftari. Kikao kinaahirishwa, miaka inapita, na kile ambacho kingetumika shuleni kinafikia mahali ambapo hata spea zake hazifai tena. Wekeni kikomo cha muda: kifaa kikiondolewa mezani, ndani ya miezi 3 kiwe kimekaguliwa na fundi, data imefutwa, na kimepelekwa kwenye matengenezo, kwa mtumiaji mwingine, au kwa mchakataji mwenye leseni. Kisha kila mwaka tangazeni hadharani orodha ya ofisi kwa ofisi: vingapi vilitengenezwa, vingapi viligawiwa na kwa nani, vingapi vilivunjwa na nani aliyevivunja. Orodha ya kwanza ikitoka, niko tayari kuibandika ukutani kwangu, mteja aisome akisubiri simu yake.

Wenu katika kazi,
Fundi